Kalenda ya Chungu na Kalenda ya Pesa: Kula kwa Msimu Katika Nyumba za Tetu

Utangulizi

Wahenga waliamba kwamba akiba haiozi. Kauli hiyo husikika mno katika mikutano ya vyama vya akiba na mikopo, na aghalabu akiba inayokusudiwa ni pesa. Katika nyumba nyingi za Tetu, kaunti ya Nyeri, akiba ya kwanza ni gunia la mahindi, debe la maharagwe, na viazi vikuu ambavyo bado vimo ardhini. Akiba ya aina hii huweza kuoza, huliwa na fukusi, na zaidi ya yote huuzwa kabla ya wakati wake.

Makala haya yanashikilia kwamba kula kwa msimu, yaani kula kila kitu wakati kinapopatikana kwa wingi na kuweka sehemu yake kwa ajili ya miezi ya uhaba, ndiyo njia nafuu zaidi ya kulisha nyumba yenye kipato kidogo katika eneo hili. Kinachoifanya njia hiyo iwe ngumu hakitokani na ujinga wala uvivu wa wenye nyumba. Kinatokana na mgongano wa kalenda mbili: kalenda ya chungu, ambayo hufuata mvua, na kalenda ya pesa, ambayo hufuata karo, bonasi na madeni. Mgongano huo una hesabu yake, una historia yake, na hata una msamiati wake. Ndiyo maana hauwezi kuachiwa maafisa wa kilimo peke yao.

Msimu na Kimera

Neno msimu liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na katika mwambao lilifungamana na pepo. Kaskazi ilileta majahazi, kusi ikayarudisha. Kwa Mswahili wa pwani, msimu ulikuwa wakati wa safari na biashara. Mkulima wa Nyeri aliupima mwaka kwa kipimo kingine. Katika Kikikuyu msimu huitwa kimera, neno lenye udugu wa dhahiri na vitenzi na nomino za Kiswahili kama vile kumea na mmea. Mvua za masika, za kati ya Machi na Mei, huitwa mvua ya njahi, kwa jina la ile jamii ya kunde nyeusi yenye ukingo mweupe. Mvua za vuli, za kati ya Oktoba na Desemba, huitwa mvua ya mwere, yaani uwele. Mtu hakuweza kuitaja mvua bila kukitaja chakula.

Hata njaa zilibatizwa kwa vyakula. Njaa ya mwaka wa 1943 inakumbukwa kama ng'aragu ya mianga, njaa ya mihogo, kwa kuwa muhogo ndio uliowafaa watu wakati nafaka zilipoadimika. Kiswahili nacho hakikosi ushahidi wa aina hiyo. Kitenzi kulimbuka kina maana ya kuonja kwa mara ya kwanza mazao mapya ya msimu, na mazao hayo ya kwanza huitwa limbuko. Lugha yenye neno mahususi kwa tendo hilo ni lugha ya watu waliojua kungoja.

Jambo la kusikitisha ni kwamba majina yamebaki ilhali vyakula vyenyewe vimepungua. Uwele ni nadra kuonekana katika mashamba ya Tetu. Njahi ingali inaheshimiwa, hususan kwa mama aliyejifungua na katika sherehe, lakini nyumba nyingi huinunua kwa bei inayoshinda ile ya maharagwe ya kawaida. Mwanahistoria Claire Robertson, katika makala aliyoyachapisha mwaka wa 1997, alieleza jinsi sera za kilimo za wakoloni zilivyochangia kuisukuma njahi pembeni na kuipa nafasi maharagwe yaliyotakikana katika soko la nje. Kwa hiyo, mvua ya njahi hunyesha kila mwaka juu ya mashamba yasiyo na njahi.

Ardhi Iliyogeuka

Tetu imelala kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Nyandarua. Sehemu za juu, zinazopakana na msitu, ni za majani chai; sehemu za chini ni za kahawa. Kabla ya miaka ya 1950 haikuwa ajabu kwa ukoo mmoja kuwa na vipande vya ardhi mahali mbalimbali: kimoja juu penye baridi, kingine chini penye joto, kingine bondeni kando ya mto palipofaa nduma. Vipande hivyo vilikuwa aina ya bima. Kimoja kilipokosa, kingine kilitoa. Na kwa kuwa mazao hayakukomaa kwa wakati mmoja, chungu hakikukaa kitupu kwa muda mrefu.

Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliharakisha mpango wa kuunganisha ardhi, na Mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954 ukafungua mlango wa wakulima Waafrika kupanda kahawa na chai kwa wingi. Faida zake hazikataliki: hatimiliki zilipatikana, shule zilijengwa, na watoto wengi wa Nyeri walisomeshwa kwa jasho la mchai na mbuni. Hata hivyo, nyumba iliyokuwa na vipande vinne katika miinuko tofauti ilibaki na shamba moja, na sehemu nzuri ya shamba hilo ilipewa zao lisiloliwa.

Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe katika Tetu mwaka wa 1940 na kuwa mbunge wa eneo hilo kutoka mwaka wa 2002 hadi 2007, aliliona tatizo hili mapema. Katika tawasifu yake iliyochapishwa mwaka wa 2006 anaeleza jinsi alivyoshtuka katika miaka ya 1970 kusikia kwamba watoto wa Kenya ya kati, eneo lenye rutuba na mvua, walikuwa wakiugua maradhi ya utapiamlo. Sababu alizozipata ziliingiliana. Mashamba yalikuwa yamepewa kahawa na chai. Kuni zilikuwa zimeadimika. Na akina mama walikuwa wamegeukia vyakula vya dukani vilivyopikika upesi, kama vile mkate mweupe na wali, vyenye wanga mwingi na virutubishi vichache. Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, alilolianzisha mwaka wa 1977, hukumbukwa kwa miti. Ni vyema pia kukumbuka kwamba mojawapo ya chemchemi zake ilikuwa sahani ya mtoto.

Hesabu ya Gunia

Katika sehemu nyingi za Tetu, maharagwe yaliyopandwa mwezi wa Machi hung'olewa Juni na Julai. Viazi huchimbwa Julai na Agosti. Mahindi mabichi huanza kuchomwa Agosti, na makavu huvunwa Septemba na Oktoba, kwa kuwa baridi ya milimani huyachelewesha. Mavuno ya vuli, ambayo ni madogo zaidi, huja Januari na Februari. Hiyo ndiyo kalenda ya chungu.

Kalenda ya pesa ina tarehe zake. Muhula wa tatu wa shule hufunguliwa mwishoni mwa Agosti, na wa kwanza hufunguliwa Januari. Mkulima wa chai hupata malipo madogo kila mwezi, lakini fungu kubwa la mwaka, lile linaloitwa bonasi, hutoka aghalabu mwezi wa Oktoba. Msomaji atatambua mara moja penye ufa. Karo hudaiwa Agosti, bonasi iko mbali, na kitu pekee kinachoweza kugeuzwa pesa ni maharagwe yaliyokwisha kupurwa na viazi vilivyotoka kuchimbwa. Wote huuza kwa wakati mmoja. Kwa hiyo bei huanguka. Mahindi nayo hufuata baadaye, wakati wa kulipa madeni. Kuanzia Aprili hadi Juni, maghala yakiwa matupu na mbegu zikiwa ardhini, wote hununua kwa wakati mmoja. Kwa hiyo bei hupanda.

Chukua mfano wa hesabu tu. Gunia la mahindi la kilo 90 hutoa gorogoro 45, kila gorogoro ikiwa na kilo mbili. Nyumba ikiuza magunia mawili wakati wa mavuno, na bei ikawa imepanda kwa nusu ifikapo Mei, pesa zilezile zitanunua gunia moja na theluthi. Theluthi mbili za gunia, yaani gorogoro 30, zimeyeyuka bila mwizi kuvunja mlango. Kwa nyumba inayopika gorogoro moja kwa siku mbili, huo ni mlo wa miezi miwili. Tena mfano huu umeacha nje nauli, na umeacha nje ukweli kwamba mkulima huuza kwa gunia ilhali hununua kwa gorogoro, na anunuaye kwa kipimo kidogo hulipa zaidi.

Kuna pia lumbesa, lile gunia linaloongezwa shingo ya kamba ili libebe zaidi ya kipimo chake. Kanuni za viazi za mwaka wa 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa mfuko. Sheria ni jambo jema, lakini mkulima mwenye haraka ya karo hana nguvu ya kubishana na mnunuzi aliyekuja na lori. Anayeuza kwa shida hauzi kwa kipimo.

Kutokana na hayo, ushauri wa kwanza wa makala haya ni kwamba chakula cha nyumba kitengwe kabla ya kuuza. Kipimwe kwa gorogoro, kihesabiwe kwa miezi, kisha kinachozidi ndicho kipelekwe sokoni. Familia ya mkulima wa chai inaweza kukopa katika chama cha akina mama mwezi wa Agosti na kulipa bonasi itokapo Oktoba. Maadamu riba ya chama ni ndogo kuliko kupanda kwa bei, nyumba imefaidika. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliotungiwa sheria Tanzania mwaka wa 2005 na Kenya mwaka wa 2019, umejengwa juu ya fikra iyo hiyo: nafaka ikae ghalani, mwenyewe apate mkopo kwa dhamana yake, auze bei ikipanda. Kwa mwenye magunia matatu tu, chama cha kijijini kinaweza kuifanya kazi hiyo kwa udogo wake.

Kuweka kuna masharti. Mahindi ya Tetu huvunwa wakati ambapo ukungu haujaondoka na mvua za vuli zinakaribia, na mahindi yasiyokauka vizuri huota kuvu. Mwaka wa 2004 sumukuvu iliwaua watu 125 katika sehemu za mashariki mwa Kenya. Nafaka ya kuwekwa haina budi kukaushwa hadi unyevu wake ushuke chini ya asilimia 13.5, ianikwe juu ya turubai badala ya udongo, na ihifadhiwe katika mifuko isiyopitisha hewa ambayo huwanyima fukusi pumzi. Bei ya mfuko mmoja ni ndogo kuliko thamani ya nafaka inayoliwa na wadudu.

Miezi ya Njaa Ndiyo Miezi ya Mboga

Huenda hakuna mboga iliyopewa jina la kibajeti kuliko sukuma wiki. Jina lenyewe ni mpango wa matumizi: pesa zimekwisha, wiki haijaisha, basi na isukumwe. Sukuma wiki ina sifa zake, na penye maji haikosekani mwaka mzima. Hata hivyo, urahisi wake umewafanya wengi wasahau kwamba mvua huleta mboga nyingine bila kuombwa.

Mvua ya njahi inapoanza, mnavu, mchicha na togotia huchipua katikati ya mahindi. Matembele ya malenge huenea. Kandokando ya mashamba na msitu humea thabai, yale majani yanayowasha mkono na kunyamaza chunguni, ambayo wazee huyachanganya na viazi na mahindi katika mukimo. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba haya yote hutokea Aprili na Mei, miezi ileile ambayo ghala ni tupu na bei ziko juu. Maumbile yameweka mboga nyingi mahali penye nafaka chache. Nyumba inayopalilia kwa jembe hurudi na kikapu cha mboga. Nyumba inayonyunyiza dawa ya kuua magugu hurudi mikono mitupu, kisha hupita sokoni kununua mboga zilezile zikiwa zimefungwa kwa vitita.

Lugha haikosi lawama hapa. Mnavu ukiitwa gugu, hung'olewa na kutupwa. Ukiitwa mboga, huchumwa. Mmea ni ule ule. Kilichobadilika ni neno.

Kwa upande wa vyakula vya mizizi, viazi vikuu, nduma, viazi vitamu na mihogo vina fadhila ambayo mahindi hayana: havihitaji ghala. Huchimbwa kadiri ya haja. Shina chache kando ya kijito au mpakani ni benki isiyotoza ada. Waliopita katika njaa ya 1943 waliyajua haya bila semina.

Gharama ya Meko

Baadhi ya wasomaji watauliza, na kwa haki: chakula cha msimu kikiwa rahisi sokoni, je, ni rahisi mekoni? Githeri ya mahindi makavu na maharagwe huchemka kwa saa nyingi. Mwenye kununua makaa au gesi huweza kujikuta ametumia kwa moto alichookoa kwa nafaka. Swali hili ndilo lililowapeleka akina mama wa miaka ya 1970 kwenye mkate mweupe, na halifai kupuuzwa.

Majibu yapo, tena ni ya kawaida. Nafaka na maharagwe yakilowekwa usiku kucha, muda wa kuchemka hupungua sana. Chungu kimoja kikubwa kikipikwa mara moja kwa siku tatu, kisha kikaungwa kwa namna tofauti kila jioni, leo kwa viazi, kesho kwa kabichi, keshokutwa kwa majani ya malenge, moto wa siku mbili umeokolewa. Chungu kilichochemka kikifunikwa ndani ya kikapu kilichotandikwa nguo nzito au majani makavu ya mgomba, huendelea kuiva kwa joto lake chenyewe. Zaidi ya yote, kula kwa msimu kunamaanisha pia kula mahindi na maharagwe yakiwa mabichi wakati wake, Julai hadi Septemba, ambapo huiva kwa sehemu ndogo ya muda ule. Limbuko huokoa kuni.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni la wasio na mashamba. Mpangaji wa mjini Nyeri au mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi hana shamba wala ghala. Hata hivyo, ana soko. Soko la Karatina, mojawapo ya masoko makubwa zaidi ya wazi nchini, na soko la mjini Nyeri hukusanya mazao ya miinuko yote, kutoka msituni hadi tambarare. Kwa maana fulani, soko limechukua nafasi ya vile vipande vya ardhi vya zamani. Mwenye kununua kinachojaa mezani siku hiyo, viazi Agosti, parachichi katikati ya mwaka, plamu Januari, hulipa bei ya wingi. Mwenye kushikilia orodha ileile ya vyakula mwezi hadi mwezi hulipa bei ya uhaba. Wapangaji wanne wakichanga kununua gunia moja na kuligawana, nao wametoka katika bei ya gorogoro.

Pingamizi la pili ni la hali ya hewa. Kalenda yenyewe inayumba. Kati ya mwisho wa mwaka wa 2020 na mwanzo wa 2023 maeneo kame ya Kenya yalikosa mvua kwa misimu mitano mfululizo, na ukame huo uliifikia Kieni, jirani ya Tetu. Mwisho wa mwaka wa 2023 na masika ya 2024 yakaleta mafuriko. Ni kweli kwamba asiyeweza kuitabiri mvua hawezi kuupanga mlo kwa uhakika. Lakini hoja hiyo huimarisha haja ya kuweka akiba na kupanda mazao mbalimbali; haiidhoofishi.

Pingamizi la tatu halisemwi wazi, nalo ndilo zito: aibu. Mgeni akikuta thabai mezani, mwenyeji huomba radhi; akikuta wali, huketi kwa raha. Nyumba hukopa ili isionekane inakula kilicho shambani mwake. Usiache mbachao kwa msala upitao, walionya wahenga, nao msala huu hupita na pesa za karo.

Itakumbukwa pia kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia palikuwa na kiwanda cha kukausha mboga huko Karatina kwa ajili ya wanajeshi. Mboga za Nyeri zilithaminiwa kiasi cha kusafirishwa kwenda vitani. Baada ya vita kiwanda kilifungwa. Haingefaa mboga iliyostahili jeshi ionekane haistahili mgeni.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba kula kwa msimu ni hesabu kabla ya kuwa mapenzi ya mambo ya kale. Nyumba inayouza Septemba ili inunue Mei hupoteza chakula ambacho hakuna mshahara mdogo unaoweza kukifidia. Kalenda ya pesa haiwezi kufutwa, kwa kuwa karo ni karo. Kinachowezekana ni kuizuia isiimeze kalenda ya chungu.

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana sehemu yao. Majina ya mboga, ya mbegu, ya vipimo, ya hatua za kukomaa kwa mahindi na ya namna za kuhifadhi yamo vinywani mwa akina nyanya wa Ihithe, Wamagana na Giakanja, na kila mwaka baadhi yake huzikwa. Istilahi kama sumukuvu na stakabadhi ghalani zinatumika Tanzania, lakini mkulima wa Nyeri huelezwa mambo hayo kwa Kiingereza, kisha hulaumiwa kwa kutoelewa. Tasnifu moja ya shahada ya uzamili juu ya msamiati wa chakula na misimu, ikiandikwa kwa makini na kurejeshwa vijijini kama kalenda ya ukurasa mmoja ya kutundikwa jikoni, itafaa kuliko nyingi zinazolala rafuni.

Haba na haba hujaza kibaba. Kibaba, tusisahau, kilikuwa kipimo cha nafaka.